Picha za Mlangoni: Hill End na Gulgong, 1872-1873

Mwanahistoria aliyezoea hati za maandishi huiona picha kuwa pambo la kitabu tu. Miji ya dhahabu ya New South Wales, nchini Australia, inaipinga desturi hiyo.

Mnamo mwaka 1872 mpiga picha Mwingereza, Beaufoy Merlin, na msaidizi wake kijana, Charles Bayliss, walifanya kazi Gulgong na Hill End, miji iliyofurika watafutaji wa dhahabu. Merlin alipita nyumba kwa nyumba, akawasimamisha wenyeji mbele ya milango yao, akawapiga picha, kisha akawauzia nakala ndogo. Kazi haikuwa nyepesi. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa ndani ya kamera kikiwa kingali kibichi, na picha ikatokezwa kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo chumba cha giza kilimfuata mpiga picha kila alikokwenda. Aliyetikisika, mara nyingi mtoto au mbwa, aliacha ukungu tu.

Humo zimo nyumba za maganda ya miti zilizojengwa kwa haraka, bucha yenye nyama iliyotundikwa, mhunzi na aproni yake, mama aliyempakata mtoto, na barabara ya matope. Dhahabu yenyewe ni vigumu kuiona.

Picha mashuhuri kuliko zote ni nyingine kabisa. Tarehe 19 Oktoba 1872, katika mgodi wa Star of Hope huko Hill End, lilitolewa jiwe lenye dhahabu la uzito wa takriban kilo 286. Bernhard Holtermann, Mjerumani aliyekuwa mmoja wa wenye mgodi, anaonekana amesimama kando yake, mkono juu ya jiwe. Kumbe picha hiyo iliunganishwa baadaye kutoka picha tatu: mtu, jiwe, na baraza ya jumba lake. Jiwe lilikuwa limekwisha kusagwa. Hivyo picha ya tajiri ndiyo yenye kuhitaji tahadhari, ilhali zile za watu wasiojulikana ni ushahidi wa kutegemewa zaidi. Hata hivyo Holtermann asidharauliwe: ni yeye aliyegharimia kazi hiyo, na Merlin alipofariki mwaka 1873 Bayliss aliiendeleza kwa fedha zake.

Ushahidi huo nao una mipaka. Mchimbaji aliye chini ya ardhi haonekani, kwani kamera ile ilihitaji mwanga wa jua. Wawiradjuri, wenye nchi ile tangu kale, hawakupangiwa nafasi katika utaratibu wa mlango kwa mlango. Swali hili linaigusa Kongo pia, maana dhahabu ya Kilo, huko Ituri, iligunduliwa mwaka 1903 na watafutaji wawili Waaustralia. Atakayezisoma picha za zamani za kambi za Kilo na Moto hana budi kuuliza ni nani aliyesimama kwa hiari yake, na ni nani aliyesimamishwa.

Vioo vya Merlin na Bayliss vilisahauliwa kwa miongo mingi. Mwaka 1951 vilikutwa ndani ya kibanda cha bustani huko Chatswood, Sydney, vipatavyo 3,500, vikiwa katika masanduku yao. Sasa vimo katika Maktaba ya Jimbo la New South Wales, navyo vimenakiliwa kwa kompyuta. Maandishi madogo ya mabango ya maduka, yasiyosomeka katika nakala alizouza Merlin, leo yanasomeka herufi kwa herufi.