Shinyanga: Mji Uliohamia Relini
Anzia matembezi yako stesheni. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ndiyo iliyouvuta mji huu mpaka hapa ulipo, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kufika pwani.

Lakini usiishie kwenye maduka ya mjini. Fika Old Shinyanga, makao ya kwanza, ambayo wenyeji bado wanayaita kwa jina hilohilo. Huko ndiko Charles Swynnerton alikoongoza utafiti wa mbung'o, hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Vitabu humtaja yeye. Mapori yaliyowaficha mbung'o, hata hivyo, yalifyekwa na maelfu ya Wasukuma, kwa shoka na kwa mikono yao, ili ng'ombe wao wapone. Hao ndio wanaostahili kutajwa kwanza.

Ufyekaji ule, pamoja na kilimo na mifugo mingi, uliiacha ardhi tupu. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliohimiza kurejeshwa kwa ngitili: malisho yanayofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate majani kiangazi. Ukitoka mjini, omba wenyeji wakuonyeshe moja.