Kosa la Kudhani Umri

Zamani katika nchi ya Usukuma, mzazi akiulizwa umri wa mwanawe hakujibu kwa hesabu ya miaka, bali kwa jambo lililotokea. Aitwaye Mbula alizaliwa wakati wa mvua, na aitwaye Nzala wakati wa njaa. Jina latuambia majira, lakini halituambii ni mvua ya mwaka gani. Na msichana alihesabiwa kuwa mtu mzima kwa dalili za mwili na kwa neno la wazee wake, si kwa tarehe. Sheria zilizotoka ng'ambo zilitaka hesabu, na hapo likazuka swali: mtu aliyedhani msichana ametimiza umri, kumbe bado, je, ana hatia?

Swali hilo liliamuliwa Uingereza mwaka 1875 katika shauri la Henry Prince. Mtu huyo alimchukua msichana aliyekuwa chini ya miaka 16 pasipo idhini ya baba yake. Msichana alimwambia kuwa ana miaka 18, naye akasadiki, na ilionekana kwamba alikuwa na sababu ya kusadiki. Hata hivyo, katika majaji 16, mmoja tu, Brett, ndiye aliyetaka aachiliwe. Baadhi ya wenzake walisema kwamba kumwondoa binti kwa baba yake ni tendo ovu lenyewe, na atendaye ovu hujitwika hatari ya kukosea.

Huku kwetu Tanganyika, Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 ilichukua nafasi ya ile ya Kihindi. Kifungu chake cha 11 kilisema kwamba atendaye jambo kwa kudhani kwa unyofu na kwa sababu za haki, ingawa amekosea, ahukumiwe kana kwamba mambo yalikuwa kama alivyodhani. Angalieni maneno haya mawili, unyofu na sababu. Kudhani kwa unyofu tu hakutoshi. Tena kifungu hicho chasema kwamba sheria nyingine yaweza kuiondoa kanuni hiyo, kwa maneno wazi au kwa maana yake. Kwa habari ya wasichana walio chini ya miaka 14, sheria ya zamani ilimpa mshtakiwa nafasi ya kuonyesha kwamba alidhani, kwa sababu nzuri, kuwa msichana amekwisha kuupita umri huo.

Mwaka 1998 mambo yaligeuka. Sheria mpya ya makosa ya kujamiiana iliupandisha umri hata miaka 18, isipokuwa kwa mke aliyetimiza miaka 15 asiyetengana na mumewe. Kwa aliye chini ya umri huo ridhaa haiulizwi kabisa. Akiwa alikubali au alikataa, kosa ni kubaka, na adhabu ya mtu mzima haipungui kifungo cha miaka 30. Na katika kifungu hicho kipya, maneno ya kumwachilia aliyedhani hayakurudiwa.

Jirani zetu wa Kenya walifuata njia nyingine mwaka 2006. Kwao mshtakiwa aweza kujitetea ikiwa mtoto mwenyewe alimdanganya juu ya umri wake, naye akasadiki kwa sababu za haki. Lakini mahakama huangalia hatua alizochukua ili kuujua umri huo. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Na huko asiyeuliza aweza kukosa la kujitetea.

Basi, ndugu walimu na wachungaji, neno hili latuhusu. Mahali ambapo kudhani hakuokoi, shauri lote hutegemea umri wa kweli. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesema kwamba haitoshi umri kuandikwa katika hati ya mashtaka. Lazima uthibitishwe, kwa kinywa cha mzazi, ndugu, mganga au mtoto mwenyewe, au kwa cheti cha kuzaliwa kikiwapo. Mzazi asiyekumbuka mwaka hukimbilia daftari la ubatizo au la shule, yaani mwandiko wetu. Tukiandika tarehe ya kubahatisha ili kujaza nafasi tu, binti aliyedhulumiwa aweza kukosa haki yake, au kijana aweza kufungwa miaka 30 kwa kosa la kalamu yetu. Mama akisema, "Alizaliwa mwaka wa njaa," tusiandike upesi. Tumwulize: njaa ipi?