Barua Pepe ya Kazini ni Mali ya Nani?

Je, chombo cha mwajiri kinaweza kubeba sauti ya mfanyakazi? Nchini Marekani swali hili lilijibiwa mara tatu katika miaka 12.

Sheria ya mahusiano ya kazi ya mwaka 1935 iliwapa wafanyakazi wa sekta binafsi haki ya kuungana. Mwaka 1945, katika kesi ya Republic Aviation, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwajiri hawezi, bila sababu maalumu, kuwakataza kushawishiana kujiunga na chama wakati wa mapumziko, hata wakiwa kiwandani.

Kisha barua pepe ikaingia ofisini. Gazeti la Register-Guard, huko Oregon, lilimpa onyo mfanyakazi aliyetuma ujumbe wa chama. Mwaka 2007 Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi ikasema kwamba mtambo ni mali ya mwajiri. Mwaka 2014, katika kesi ya Purple Communications, Bodi ikageuka: aliyeruhusiwa kutumia barua pepe kazini aweza kuitumia kwa mambo ya chama nje ya muda wa kazi. Mwaka 2019, katika kesi ya Caesars Entertainment, ikarejea msimamo wa awali, isipokuwa pale ambapo wafanyakazi hawana njia nyingine ifaayo ya kuwasiliana.

Sheria yenyewe haikubadilika. Waliobadilika ni wajumbe wa Bodi, ambao huteuliwa na Rais. Basi tafakari: haki ya kuungana ina thamani gani ikiwa wenye haki hiyo hawana pa kuzungumzia?