Sio Freemason! Hawa ndo wadada walioanzisha undugu wa chuoni

Mnakumbuka Julai 2024, Kamala Harris alivyoingia kugombea urais Marekani? Simu zetu zilijaa klipu za wamama waliovaa pinki na kijani, wanapiga ukelele mmoja wa kufanana na kuonyeshana ishara za vidole. Mimi nilikuwa hapa Uyole, baridi ile ya kujifunika blanketi saa kumi jioni, nimekaa na wadada wawili wa chuo. Mmoja akaangalia klipu, akatoa hukumu palepale: "Hao Freemason hao."

Tulicheka, lakini kusema kweli hata mimi sikuwa najua. Nikaenda kuchimba. Kumbe hadithi yao inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kikundi kile kinaitwa Alpha Kappa Alpha. Hizo ni herufi za Kigiriki tu, vyama vingi vya wanafunzi wa Marekani vinajiita hivyo. Kilizaliwa tarehe 15 Januari 1908 pale Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chuo kilichofunguliwa 1867, miaka miwili tu baada ya utumwa kupigwa marufuku Marekani nzima. Mwenye wazo alikuwa mwanafunzi, Ethel Hedgeman. Akawaita wenzake, wakawa tisa. Hebu vaa viatu vyao: wewe ni mtoto wa kike, mweusi, uko chuo kikuu mwaka 1908. Nje ya geti unabaguliwa kwa rangi, ndani ya geti unadharauliwa kwa kuwa mwanamke. Nani atakushika mkono? Wakaamua kushikana wenyewe. Harris naye alijiunga hapohapo Howard, mwaka 1986.

Utamu unaanzia hapa. Mwishoni mwa 1912, wanachama 22 walianza kuona kikundi kimekuwa cha kupendeza zaidi kuliko kazi. Wakataka jina jipya, katiba mpya, na kuingia kwenye mambo ya siasa na haki. Dada yao aliyewatangulia, Nellie Quander, akakataa katakata. Wale 22 wakatoka, na tarehe 13 Januari 1913 wakaanzisha chao, Delta Sigma Theta. Nellie naye hakulala. Tarehe 29 mwezi uleule akakisajili kile cha zamani kisheria ili kisife. Vyote viwili vipo mpaka leo.

Na hawa wapya walifanya nini cha kwanza hadharani? Tarehe 3 Machi 1913 waliingia barabarani Washington kwenye maandamano makubwa ya wanawake kudai kura, wiki saba tu tangu waanzishe kikundi. Kulikuwa na waandaaji waliotaka wanawake weusi wakae nyuma kabisa ili Wazungu wa Kusini wasikasirike. Pembeni wanaume wanazomea na kusukuma. Watoto wa watu waliandamana hivyohivyo. Katiba ya Marekani iliruhusu wanawake kupiga kura mwaka 1920, lakini weusi wengi wa majimbo ya Kusini waliendelea kuzuiwa kwa hila mpaka sheria ya 1965. Yaani kuna waliosubiri nusu karne.

Sasa utaniuliza, hayo ni ya Marekani, kwetu je?

Kwetu hatuna herufi za Kigiriki, ila wadada walioshikana hivyo tunao. Rudi Dar es Salaam, 1987. Nchi ni ya chama kimoja, bara hakuna televisheni, na habari ya mwanamke gazetini mara nyingi ni mapishi au urembo. Kikundi kidogo cha wanahabari wanawake kikaanzisha chama chao, TAMWA. Kati yao walikuwemo Fatma Alloo, Leila Sheikh, Ananilea Nkya na Edda Sanga, yule ambaye wazazi wetu wanaijua sauti yake ya Radio Tanzania. Wakatoa na jarida, wakaliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928.

Mtihani ukaja mapema. Februari 1990, mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume. Enzi hizo pale chuoni kulikuwa na kitu kinaitwa Punch: maandishi na michoro ya kumchafua mtu, inabandikwa ukutani usiku, asubuhi chuo kizima kinasoma na kucheka. Wengi waliona ni utani wa vijana. TAMWA hawakucheka. Waliandika, wakapaza sauti, wakakataa jambo lile lizikwe kimyakimya. Wakaendelea kusukuma, wao pamoja na wanasheria wanawake wa TAWLA na wenzao wengine, mpaka mwaka 1998 Bunge likapitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, ambayo iliweka kifungo cha miaka isiyopungua 30 kwa mbakaji.

Ule ukuta wa Punch leo uko mfukoni mwako. Picha ya mdada inavujishwa saa mbili usiku, saa nne hosteli nzima imeiona. Na rushwa ya ngono bado ipo, ingawa sheria ya rushwa ya 2007 imeitaja wazi kuwa ni kosa. Magrupu ya wadada tunayo kibao: ya kuchangia besidei, ya sare za sherehe, ya kucheza upatu bumu likitoka. Hayo mazuri, hata Ethel na wenzake walipendeza. Swali langu ni moja: siku mmoja wenu akichafuliwa, grupu litasema nini? Au litakuwa la kwanza kuisambaza hiyo picha?

Niliwasimulia haya yote wale wadada wawili. Yule wa "Freemason" akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Hivi kusajili kikundi hapa Mbeya unaanzia ofisi gani?"

Nimemwahidi nitamsindikiza Jumatatu. Na wewe, grupu lenu lina kazi gani?