Ghala la Elimu Lisilo na Kufuli

Msomaji, uingiapo katika maktaba huona vitabu vimepangwa safu kwa safu, na pengine hudhani kuwa kazi ya mkutubi ni kununua, kupanga na kuazima tu. Lakini ziko maktaba za vyuo vikuu zilizojitwika kazi nyingine, nayo ni kuyaeneza maandishi ya wataalamu ulimwenguni. Habari ya ghala moja la maandishi huko Marekani yatuonyesha jinsi kazi hiyo inavyoanza, na jinsi ilivyo vigumu kuidumisha.

Desturi ya tangu zamani ni hii: mtaalamu akigundua jambo, huandika makala na kuipeleka kwenye jarida. Mhariri huwapa wataalamu wengine waichunguze, na ikikubaliwa hupigwa chapa. Miezi mingi hupita. Wanafizikia walichoka kungoja, wakawa wakipelekeana nakala za makala zao kwa posta. Jambo hilo lilikuwa jema, ila halikuwa na usawa. Nakala ziliwafikia wale wenye marafiki katika vyuo vikubwa. Aliyekaa katika chuo kidogo, au nchi ya mbali, alipata habari wakati wenzake wamekwisha kutangulia.

Mwezi wa Agosti 1991, Paul Ginsparg, mwanafizikia katika maabara ya Los Alamos, jimbo la New Mexico, aliitengeneza kompyuta moja iwe ikipokea makala za tawi moja la fizikia, kuzihifadhi, na kumpelekea kila aombaye. Alitazamia makala 100 hivi kwa mwaka. Katika miezi sita ya kwanza zilikuja 400. Baadaye ziliongezwa elimu nyingine, mathalani hisabati na elimu ya nyota, na ghala likaitwa arXiv.

Lakini kitu kinachomtegemea mtu mmoja kimo hatarini, kwani mtu huugua, huhama, huchoka. Mwaka 2001 Ginsparg alihamia Chuo Kikuu cha Cornell katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, na ghala likawekwa mikononi mwa maktaba ya chuo hicho. Hapo lilipata mlezi aliyezoea kutunza maandishi kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Haukupita muda mrefu, faida yake ikaonekana. Mwezi wa Novemba 2002, Mrusi Grigori Perelman aliweka humo makala ya kwanza kati ya tatu zilizojibu swali lililoulizwa na Poincaré mwaka 1904. Hakuzipeleka kwenye jarida lolote. Wanahisabati wengine walizichambua kwa miaka kadhaa, wakaona ni sahihi. Na mwaka 2006 Perelman alitunukiwa Nishani ya Fields, akaikataa. Angalia vema: si ghala lililothibitisha kazi yake. Wasimamizi wa ghala hutazama tu kama makala yastahili kuwekwa miongoni mwa maandishi ya kitaalamu. Kuipima kweli yake ni juu ya wasomaji wenye ujuzi. Kwa hiyo asomaye humo yampasa asome kwa hadhari.

Sasa ulizo la fedha. Kitu kilicho bure kwa msomaji si bure kwa mtunzaji. Kufikia 2010 gharama zilikuwa takriban dola 400,000 kwa mwaka, na mzigo wote uliielemea Cornell, ilhali wasomaji walikuwa kila pembe ya dunia. Maktaba ingeweza kutoza ada. Lakini ada ingewafungia mlango wale wale waliokuwa wakikosa nakala zamani za posta. Basi maktaba iliviomba vyuo vilivyolitumia sana ghala hilo vichange kwa hiari, bila kumnyima yeyote asiyechanga. Kidole kimoja hakivunji chawa. Baadaye wakfu wa Simons nao ulisaidia, na vyuo vilivyochanga vikapewa nafasi ya kutoa shauri. Mwaka 2019 usimamizi ulitoka katika maktaba ukaenda katika idara ya elimu ya kompyuta ya chuo hicho hicho, na mlango ukabaki wazi. Ilipofika mwisho wa 2021, makala zilikuwa zimetimia 2,000,000.

Leo mwanafunzi wa Kisumu au Garissa aliye na mtandao aweza kuisoma makala siku ile ile aisomayo profesa wa Ithaca. Nawe, msomaji, huenda siku moja ukawa mtaalamu, mkutubi, au mmoja wa wagawao fedha za umma. Ukiletewa shauri la kuanzisha ghala la namna hii nchini mwako, usiulize tu kama ni jambo jema. Uliza pia ni nani atakayelilipia katika mwaka wake wa ishirini, wakati shangwe za ufunguzi zimekwisha na mwanzilishi wake amekwenda zake.