Yatima Walioshika Jembe na Daftari: Vijana wa Muleba Baada ya 1983

Mkoani Kagera kuna Kagondo mbili. Moja ni kata ndani ya Manispaa ya Bukoba. Nyingine iko wilayani Muleba na inajulikana zaidi kwa hospitali yake ya Kanisa Katoliki. Habari hii ni ya upande huo wa Muleba, ingawa anayeandika historia ya vijana wa sehemu hizi huanzia mjini Bukoba, mwaka 1924, pale makarani, walimu na wafanyabiashara waliopata elimu ya shule walipounda Bukoba Bahaya Union. Klemens Kiiza na wenzake walidai shule, walitetea wakulima wa kahawa, na walithubutu kuhoji ukubwa wa mamlaka ya wakama, yaani watawala wa jadi, na mfumo wa nyarubanja uliomfanya mkulima kuwa mpangaji kwenye ardhi aliyoilima mwenyewe. Ni historia ya heshima na imeshaandikwa na mabingwa. Lakini kuna vijana wengine, wa Muleba, wadogo kuliko hao kwa umri na maskini kuliko hao kwa mali, ambao vitabu vyetu vya historia vimewapita.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichovuka mpaka kutoka Uganda pamoja na biashara ya magendo. Utafiti wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba asilimia 24 ya watu wazima walikuwa na virusi. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba ilikuwa asilimia 10. Hospitali za makanisa za Muleba, yaani Kagondo, Rubya na Ndolage, zilipokea wagonjwa ambao hazikuweza kuwaponya. Dawa za kufubaza virusi hazikuanza kutolewa bure nchini hadi mwaka 2004. Kwa miaka ishirini na zaidi, basi, muuguzi alitibu kifua kikuu, akatuliza maumivu, kisha ndugu wakaja kuchukua maiti.

Msiba ulipokwisha, nyumbani walibaki watoto na kibanja. Kwa Wahaya kibanja si shamba la migomba na mibuni tu. Ndani yake wamezikwa wazazi, na ukoo una sauti juu yake. Mtoto wa miaka 14 aliyebaki na wadogo zake alilazimika kukilinda mbele ya baba wadogo, wengine wema, wengine wenye tamaa. Kwa msichana hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mila ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyoachiwa na baba yake, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kanuni hiyo ilipingana na katiba. Hukumu hiyo ilikuwa kubwa, lakini msichana yatima kijijini angeisikia kutoka kwa nani?

Gharama ya vifo vya wazazi imepimwa. Kuanzia mwaka 1991 watafiti walifuatilia kaya zaidi ya 900 za mkoa wa Kagera, wakarudi kuzitafuta tena mwaka 2004. Walibaini kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alipoteza, kwa wastani, mwaka mmoja wa shule na sentimita mbili za kimo. Maana yake ni kwamba msiba uliingia mpaka mifupani, na mtu aliendelea kuubeba utu uzimani.

Nshamba, humo humo Muleba, katika miaka ya 1990 ulianzishwa mradi wa Humuliza, kwa msaada wa shirika la terre des hommes la Uswisi na kwa uongozi wa Kurt Madörin. Mradi uliwafundisha walimu na walezi namna ya kuzungumza na mtoto aliyefiwa, jambo ambalo misaada ya unga na sare za shule ilikuwa imelisahau. Kutokana na kazi hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, yatima wenyewe waliunda umoja wao: Vijana Simama Imara, au VSI kama walivyouita. Wanachama walikuwa wa umri wa kati ya miaka 13 na 20. Wadogo zao walikuwa na kundi lao, Rafiki Mdogo.

Hapa pana jambo ambalo msomaji asilipite haraka. VSI haikuwa orodha ya wanaosubiri kugawiwa. Vijana hao walichagua viongozi wao, waliweka akiba, walikopeshana mitaji ya miradi midogo, na walisaidiana kazi za shamba. Walitembeleana, ili aliyefiwa jana asibaki peke yake na aliyenyanyaswa awe na mtu wa kumweleza na wa kusimama naye. Mtoto aliyeitwa «yatima» na kijiji kizima aliingia kikundini akawa mwenyekiti au mweka hazina, na hesabu yake ikakaguliwa na wenzake. Kwangu mimi hayo ndiyo mageuzi yenyewe. Tayari walikuwa wanaendesha kaya. Umoja wao uliwapa mahali pa kutambuliwa hivyo.

Dunia nayo ilikuwa ikielekea huko, japo polepole. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua katika kifungu cha 15 haki ya watoto kujiunga katika vyama. Julai 2000 Nkosi Johnson, mvulana wa miaka 11 aliyezaliwa na virusi, alisimama mbele ya mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Durban akaomba watu wenye ugonjwa wake wasitengwe. Alifariki mwaka uliofuata, na hotuba yake imehifadhiwa. Alistahili. Wa Nshamba walifanya kazi bila kamera, na ndiyo sababu hawajulikani.

Sitadai kwamba wao ndio waliopunguza maambukizi. Upungufu ulianza kabla yao: mjini Bukoba kiwango kilishuka hadi asilimia 13 mwaka 1996, na Muleba hadi asilimia 4.3 mwaka 1999, huku upungufu ukionekana zaidi kwa wasichana wa miaka 15 hadi 24. Kazi yao ilikuwa nyingine: kuwalea waliobaki. Kazi hiyo iliwaangukia pia bibi zao: mwaka 2003, hapo hapo Nshamba, ukaanza mradi wa Kwa Wazee wa kuwapa pensheni vikongwe, wengi wao bibi waliokuwa wakilea wajukuu.

Waliokuwa VSI siku zile sasa ni watu wazima wenye watoto. Madaftari ya akiba na mihtasari ya vikao, popote yalipobaki, ni nyaraka za historia sawa na barua za Bukoba Bahaya Union. Makumbusho ya Kagera pale Nyamukazi, majimbo na dayosisi zenye hospitali, na walimu wa historia wa Muleba wana uwezo wa kuzikusanya na kurekodi masimulizi ya wenyewe. Nawe msomaji, ikiwa ulikuwa mwanachama, au daftari moja liko kwenye sanduku la nyumbani kwenu, usilitupe. Lipeleke.