Foleni ya Siku ya Mwisho: Uraia, Tarehe na Watu wa Tunduma

Wadau, naomba kuwauliza swali dogo. Ukiambiwa leo uthibitishe kwamba wewe ni Mtanzania, utaanza na karatasi gani? Usiniambie unazungumza Kiswahili, maana hata ng'ambo ya pili pale Nakonde, Zambia, wapo wengi wanaokizungumza. Usiniambie jina la ukoo wako. Kwa Wanyamwanga wa Tunduma, jina hilo hilo la ukoo utalikuta pande zote mbili za mpaka. Nauliza karatasi. Iko wapi, na nani aliipiga muhuri?

Wengi wetu tulikutana na swali hili uso kwa uso mwaka 2019. Mei 1 mwaka ule ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, na ili usajiliwe ilibidi uwe na namba ya NIDA. Mwisho ulikuwa Desemba 31. Yaani miezi minane! Nusu ya kwanza ya mwaka ikapita watu wakitaniana tu. Ilipofika Desemba, mnakumbuka wenyewe foleni zilivyokuwa: watu wanafika alfajiri, wengine na watoto mgongoni. Rais Magufuli akaongeza siku 20, hadi Januari 20, 2020. Zilipoisha, TCRA wakaanza kuzima laini.

Tulilalamika sana kuhusu laini. Lakini hebu tazama kilichokuwa kinaulizwa kwenye fomu ya NIDA. Ulizaliwa wapi? Baba alizaliwa wapi? Mama je? Serikali ya mtaa inakutambua? Kilichokuwa kinapimwa pale ni uraia. Na katika mikoa ya mpakani, afisa wa Uhamiaji hukaa na mwombaji na kumhoji kabla fomu haijasonga mbele. Kwa kijana wa Tunduma, huo ndio mtihani wake wa uraia. Hauna kitabu cha kujisomea, na maswali yake yanamhusu bibi yake.

Nataka leo tuangalie mtihani huu ulitoka wapi, na kwa nini katika historia ya Afrika Mashariki waliouanguka kwa sababu ya tarehe ni wengi kiasi hiki. Twende taratibu.

Tuanze na mpaka wenyewe. Julai 1, 1890, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba uliogawa sehemu kubwa ya eneo letu. Kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, mstari ulipangwa ufuate mto Songwe, kisha upite kwenye miinuko hadi mto Kalambo. Kwa nini hapo? Sababu mojawapo ilikuwa barabara. Waingereza walikuwa na njia yao ya biashara kati ya maziwa hayo mawili, ikiitwa Stevenson Road, na walitaka ibaki upande wao. Mwaka 1898 tume ya pamoja ya mataifa hayo ikaja kupima na kuweka alama ardhini.

Wanyamwanga walikuwepo tayari, pande zote mbili za alama zile. Wanyiha nao hivyo hivyo. Ukishuka hadi Ileje, Walambya wana ndugu zao Malawi. Hakuna aliyewauliza wako upande gani, na kwa miaka mingi haikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia bendera ya Mwingereza ilipepea Tanganyika na Rhodesia ya Kaskazini pia. Mtu aliolewa Nakonde, akalima Mpemba, akazika Isoka. Nani angemwomba cheti?

Cheti kikaanza kuwa na maana siku ya uhuru.

Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya bendera kubadilika, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Mjadala ulikuwa mkali. Wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alikataa kata kata uraia wa rangi ya ngozi. Muswada ukapita. Ukiusoma leo utaona ulivyogawa watu makundi mawili, na mgawo wake ndio kiini cha habari yangu.

Kundi la kwanza ni waliozaliwa Tanganyika na ambao angalau mzazi mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Hawa, ilimradi walikuwa chini ya Uingereza kwa hadhi ya kisheria, walilala Desemba 8, 1961 wakaamka Desemba 9 wakiwa raia. Hawakujaza fomu yoyote.

Kundi la pili ni waliozaliwa hapa lakini wazazi wao wote wawili walizaliwa kwingine. Wengi katika kundi hili walikuwa Wahindi wa mijini, lakini kisheria hata mtoto aliyezaliwa Tunduma na wazazi waliozaliwa upande wa Rhodesia ya Kaskazini aliangukia humo humo. Hawa walipewa haki ya kujiandikisha, na haki hiyo ilikuwa na tarehe ya mwisho. Walipewa miaka miwili, hadi Desemba 9, 1963. Baada ya hapo, kilichokuwa haki kikageuka kuwa ombi ambalo serikali inaweza kulikataa.

Wenzetu walifuata mtindo huo huo. Uganda ilipata uhuru Oktoba 9, 1962, mlango wa kujiandikisha ukafungwa Oktoba 1964. Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963, mlango ukafungwa Desemba 12, 1965. Kila mahali miaka miwili, na kila mahali wapo waliosubiri waone mambo yanakwendaje. Tusiwacheke. Kuna aliyekuwa na hofu, kuna aliyekuwa hajui, na kuna aliyedhani pasipoti ya Uingereza ingemfaa siku zote. Kwa Wakenya wa asili ya Asia, jibu la dhana hiyo lilikuja mapema. Mwaka 1967 Kenya ikatunga sheria iliyowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi. Watu wakaanza kukimbilia London. Machi 1, 1968, Uingereza nayo ikapitisha sheria ya kuwazuia wenye pasipoti zake wasio na asili ya kule. Wakajikuta wamebanwa na milango miwili.

Uganda ndiko tarehe iliumiza zaidi. Sheria ilimtaka anayejiandikisha aukane uraia wa Uingereza ndani ya muda maalumu, miezi mitatu. Wengine walijaza fomu ya uraia wakafurahi, ile ya kuukana uraia wa zamani wakaipeleka imechelewa. Wengine maombi yao yalikaa ofisini miaka bila jibu. Mwishoni mwa 1971 Idi Amin akatangaza kwamba maombi yapatayo 12,000 yaliyokuwa yanasubiri hayatatambuliwa. Agosti 1972 akatoa siku 90 kwa Waasia wasio raia kuondoka, na waliojiita raia wakaamriwa wapange foleni Kampala kuhakikiwa. Hapo ndipo wengine wakaambiwa karatasi zao hazina thamani, kwa kuwa ile ya kuukana Uingereza ilichelewa miaka minane iliyopita! Watu waliodhani ni Waganda wakapanda ndege wakiwa hawana nchi.

Najua mtasema: hiyo ilikuwa chuki, na mwenye chuki hakosi sababu. Nakubaliana nanyi. Lakini angalieni mwenye chuki alikotafuta sababu yake. Aliitafuta kwenye mafaili, kwenye mihuri iliyochelewa. Na ndio maana nasema karatasi ya uraia itafutwe wakati hakuna anayekudai. Siku ukidaiwa, hujui anayedai atakuwa nani.

Sasa turudi Tunduma. Mtu wa kundi la kwanza, yule aliyeamka raia bila kujaza fomu, yeye alisalimika? Kwa upande wa sheria, ndiyo. Tatizo lake ni ushahidi. Sheria ya mkoloni ya kusajili vizazi na vifo, ya mwaka 1920, iliwalazimisha Wazungu na Waasia kusajili watoto wao. Mwafrika hakulazimishwa. Baada ya uhuru ulazima huo ulipanuliwa kidogo kidogo, lakini matokeo yake mnayajua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliwakuta watoto 16 tu waliosajiliwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano. Yaani Mhindi wa Dar es Salaam mwaka 1961 alikuwa na cheti cha kuzaliwa lakini uraia wake ulikuwa na tarehe ya mwisho. Mnyamwanga wa Tunduma alikuwa na uraia usio na tarehe, ila hana cheti. Mjukuu wake ndiye anayekaa mbele ya afisa leo, akiulizwa bibi alizaliwa kijiji gani, wakati bibi mwenyewe ameshazikwa.

Haki ya kusema inasemwa: serikali iliona pengo hilo. Mwaka 2013 RITA ilipoanza mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bure, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, mkoa wa kwanza ulikuwa Mbeya. Songwe ilikuwa bado ndani ya Mbeya, ikaja kuwa mkoa peke yake mwaka 2016. Mtoto aliyeandikishwa wakati ule pale Tunduma au Vwawa, siku akihojiwa atakuwa na karatasi ambayo babu yake hakuwahi kuiona.

Na anayeomba uraia kutoka nje, ule wa tajnisi? Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 inamtaka awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia hiyo awe amekaa jumla ya miaka saba. Awe na tabia njema, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Ombi lake linapita ngazi kadhaa kabla ya kufika kwa waziri, na waziri halazimiki kutoa sababu akikataa. Ngazi hizo zinachukua muda. Wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliomba kwa makundi, na mwaka 2010 wapatao 162,000 wakakubaliwa. Vyeti vyao vilianza kutolewa Oktoba 2014. Miaka minne kati ya "ndiyo" na karatasi! Kwa miaka hiyo walikuwa wameambiwa ni Watanzania, lakini hawakuwa na cha kuonyesha.

Ndugu zetu walioko ughaibuni wanalijua hili kwa namna nyingine. Uingereza ilianzisha mtihani wa maarifa ya maisha ya nchi ile Novemba 2005: maswali 24, dakika 45, na lazima upate 18. Unaweka nafasi mtandaoni angalau siku tatu kabla, unalipa pauni 50, na jina ulilojiandikisha nalo lazima lifanane na la kwenye kitambulisho. Maswali yanasomeka, kitabu kipo. Kinachoweza kumrudisha mtu nyumbani ni jina, kama pasipoti ina majina matatu na yeye amejaza mawili. Na Mtanzania akiufaulu na kuapa kule, uraia wa hapa anaupoteza, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na nchi mbili. Zambia waliruhusu mwaka 2016, Malawi 2019. Kwa hiyo pale mpakani kuna ndugu wa damu, mmoja anaweza kushika pasipoti mbili na mwingine hawezi. Kabla ya kuweka nafasi ya mtihani, ni vizuri kujua unakwenda kupata nini na kuacha nini.

Somo ninaloliona mimi katika historia yote hii ni la kuhesabu kurudi nyuma. Tusianze na tarehe ya mwisho iliyotangazwa redioni. Tuanze na siku unayoihitaji karatasi: chuo, pasipoti, mkopo, laini. Toa muda wa usaili. Toa muda wa muhuri wa serikali ya mtaa, maana mwenyekiti naye anasafiri. Toa muda wa kusahihisha jina lililoandikwa kwa "L" shuleni na kwa "R" kwenye cheti. Toa muda wa kwenda kijijini kumuuliza mzee aliyebaki kuhusu alikozaliwa bibi. Ukimaliza hesabu hiyo, utagundua siku ya kuanza ilikuwa mwaka jana.

Lakini nisiishie kumlaumu raia. Serikali inayoweka tarehe ya mwisho ina wajibu wa kuhesabu pia. Ukiweka mwisho mmoja kwa nchi nzima, ukijua kwamba wa Tunduma anahojiwa na wa Dodoma hahojiwi, hujawapa muda sawa. Wa mpakani umempa muda mfupi zaidi, kwa kosa la mstari uliochorwa mwaka 1890 kwa ajili ya barabara ya mtu mwingine.

Wazee wetu waliokula chumvi nyingi mpakani bado wapo wachache. Wanajua nani alizaliwa wapi, mwaka wa njaa ipi, chini ya chifu yupi. Mfuate wiki hii, na uende na kalamu.